Kijana Aliyetumwa Ufunguo

Emery Chola alikuwa amekuja kwa ajili ya sambusa. Hilo liwekwe wazi mapema, kabla watu hawajaanza kumfanya bora kuliko alivyokuwa. Mkewe Jeannine ni msusi, na msusi Jumamosi haachi kiti chake hata kwa mazishi, kwa hiyo ikabidi baba ndiye amsindikize mtoto mpaka ukumbini Braamfontein, mjini Johannesburg, kumsikiliza bibi mmoja Myahudi aliyeokoka kambi za Hitler. Barua ya shule ilisema wazazi wanakaribishwa na vitafunio vitakuwepo. Emery aliisoma sehemu ya vitafunio mara mbili. Ile ya bibi aliiruka tu.

Alivaa suti ya bluu. Yeye ni fundi cherehani, ana meza na mashine mbili kwenye korido ya jengo moja Marshalltown, na suti hiyo aliishona kwa kitambaa ambacho mteja hakurudi kukichukua. Fundi wa suti hutazama mabega ya watu kabla ya nyuso. Akaukagua ukumbi mzima, watu kama mia mbili, akaona hakuna koti hata moja lililokaa sawasawa, akaridhika, akaketi safu ya nne na binti yake. Ndipo wakagawiwa karatasi ya programu.

Mgeni wa heshima: Madame Allegra, miaka tisini na miwili. Halafu chai. Halafu wanafunzi kusoma ushuhuda wa familia zao. Jina la kwanza kwenye orodha: Héritière Chola. Kichwa cha habari: "Ufunguo wa Likasi".

Sambusa zikamtoka akilini.

"Héri," akanong'ona. "Hii ni nini?"

"Ile kazi ya shule, Papa. Nilikuambia."

"Uliniambia utaandika juu ya babu na mgodi."

"Nilibadilisha. Nilikuta maelezo yako kwenye faili ya plastiki, yale ya kuombea hifadhi." Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Alikuwa na miaka kumi na sita, mzaliwa wa Johannesburg, na Kiswahili alikisikia chote. Kukisema, hapo aliona ni kazi ya wazazi. "Papa, kwa nini hukuwahi kunihadithia vizuri? Ni nzuri sana."

Nzuri sana. Emery akatazama mbele.

Sasa karatasi hiyo ya kwenye faili ya plastiki inataka maelezo. Emery alikuja Johannesburg mwaka elfu mbili na tatu kwa sababu ileile iliyowaleta wengi: kwao Likasi, kule Katanga, kazi haikuwepo, na huku ilisemekana ipo. Ni sababu safi kabisa, haina aibu, ila fomu ya wakimbizi haina kisanduku chake. Kwenye foleni alikaa siku tatu nyuma ya mtu mmoja aitwaye Khatibu, Mtanga wa Tanga mjini, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka wa tano wa kuwa Mrundi kwenye karatasi. Khatibu ndiye aliyekuwa mwalimu wa foleni. Alizisikiliza hadithi za watu kama fundi anavyomtazama mteja kwenye kioo: hapa pamebana, hapa punguza, hapa ongeza maiti.

"Njaa si hadithi, kaka," alimwambia Emery. "Njaa hata mimi ninayo. Kwenu hakujatokea kitu? Kongo nzima ile?"

"Kilitokea. Lakini si kwetu. Kwa jirani."

"Jirani umbali gani?"

"Ukuta na ukuta."

"Basi ni kwenu," Khatibu akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Na Emery akaingia ndani akasema ni kwao. Akaeleza jinsi mwaka tisini na mbili watu wa asili ya Kasai walivyoamka asubuhi moja wakaambiwa Katanga si kwao, hata wale waliozaliwa humo na waliowazika baba zao humo. Walivyoitwa bilulu, yaani wadudu. Walivyotolewa majumbani wakajazana kituo cha treni cha Likasi, wiki hata miezi, wakingoja mabehewa, na watoto wakafa kwa surua na kuhara. Yote hayo ni kweli tupu. Yaliipata familia ya Papa Kanyinda, ukuta na ukuta na nyumba ya akina Chola. Emery alichofanya ni kidogo sana: alitoa Kanyinda, akatia Chola. Jina Chola si la Kasai hata ulivute namna gani, lakini nani huku angejua?

Alipoona kalamu ya afisa imeanza kulegea, akaongeza jambo ambalo Khatibu hakumfundisha. Alisema kijana wa jirani alikuja mpaka kituoni, katikati ya wale wanaokufa, kumwomba mama ufunguo wa nyumba. Kalamu ikasimama. Afisa akainua uso. Wiki chache baadaye Emery alikuwa na karatasi yake.

Ambalo halikuandikwa ni kwamba kijana yule alikuwa na miaka kumi na mitano, amevaa suruali ya shule, na jina lake ni Emery Chola.

Uongo ukishaingia kwenye faili huwa haukai humo. Unakufuata nyumbani. Mtoto anauliza kwa nini tuko huku, unampa kipande. Anauliza mbona nkambo, bibi yake, anaishi Likasi hadi leo ikiwa walifukuzwa, unampa kipande kingine: Mungu ni mwema, tulirudi, tukarudishiwa nyumba. Ilikuwa hadithi ya vipande vipande, haina mshono, na kwa miaka mingi haikuvaliwa nje. Leo ilikuwa itoke. Baada ya chai, binti yake angesimama mbele ya watu mia mbili awaombolezee wafu wa Kanyinda kama wafu wake, na amlaani kijana yule hadharani, huku kijana mwenyewe ameketi safu ya nne, ndani ya suti.

Mwenyekiti wa shughuli alikuwa mhadhiri wa historia, Mkenya, Daktari Nyaboke, mama mwenye sauti ya kutuliza watu. Kabla mgeni hajaketi alikuwa amekwisha kutamka "uponyaji" mara sita. Alisema tupo mahali salama. Alisema kila mmoja aheshimu hisia za mwenzake na azime simu. Kisha akamkaribisha Madame Allegra.

Bibi alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tano, rangi nyekundu mdomoni, na mkoba aliokataa kupokewa. Jukwaa alilikataa pia. Aliketi kwenye kiti chake, akaomba mto, akaanza.

Alisema alizaliwa kisiwa cha Rhodes. Julai elfu moja mia tisa arobaini na nne alikuwa na miaka kumi na minne, walipokusanywa Wayahudi wote wa kisiwa wakatiwa kwenye mashua, na kutoka mashua wakatiwa kwenye treni, mpaka Auschwitz. "Tuliondoka watu kama elfu moja na mia saba," akasema. "Waliorudi wangetosha humu ndani, na viti vingine vingebaki. Msiogope, sitawaeleza kambi. Mmekwisha kuiona kwenye sinema, na kule kwenye sinema kuna muziki."

Mama mmoja wa safu ya mbele alikuwa ameshika kitambaa cha karatasi tangu mwanzo, tayari kwa machozi. Bibi hakumpa nafasi.

"Watu huniuliza juu ya Wajerumani," akaendelea. "Wajerumani mimi sikuwajua. Niulizeni juu ya Signora, yule mama wa Kiitaliano wa nyumba ya pili. Huyo nilimjua. Alinipa tini nilipougua surua. Tulipokuwa tumefungiwa, tunangoja mashua, Signora alikuja, akamwomba mlinzi kwa heshima, akamwita mama. Tukadhani ameleta chakula. Alikuja kuuliza uzi unapitishwaje kwenye mashine yetu ya kushona."

Bibi akainua vidole vyake mwenyewe.

"Mama akamwonyesha. Kwa vidole, hewani. Hapa, hapa, halafu hapa, halafu chini. Mama hakupenda kazi ya ovyo. Mwezi mmoja baadaye mama hakuwepo duniani. Signora naamini alishona vizuri."

Emery amepitisha uzi kwenye mashine labda mara laki moja maishani. Vidole vyake vilikuwa vikicheza juu ya goti bila kuulizwa. Akavikalia.

Bibi akaeleza jinsi baada ya vita mjomba wake, mwenye duka la vitambaa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kule Katanga, alivyomtumia nauli ya meli. "Nikatolewa mahali ambapo sikuwa mtu, nikaletwa Kongo ya Wabelgiji, ambako nilikuwa madame. Miaka ishirini na mitano sikuosha sahani. Nyumba ya mjomba ilikuwa kubwa, na sikumwuliza hata siku moja kabla yake pale pale palikuwa na shamba la nani. Hilo nalo liandikeni, ninyi wanafunzi, msiandike yale ya Signora tu. Hata Kiswahili nilijifunza, lakini chote ni cha kuamrisha. *Leta. Peleka. Fagia. Funga mlango.*"

Maneno hayo aliyasema kwa Kiswahili chenyewe. Watu wakacheka. Aliyeshindwa kucheka ni Emery, maana ndipo alipojua kwamba kati ya mabibi wote waliookoka duniani, shule ya binti yake imemchagua yule aliyekaa Katanga.

Kuanzia hapo hakusikia vizuri. Alikuwa Likasi, saa nne asubuhi, na mama yake anamtuma.

"Nenda kamwambie Mama Kanyinda atupe ufunguo," mama alisema. "Mlango ule ni wa mninga. Vijana wakiuvunja, ni hasara kwa kila mtu."

Kwa kila mtu. Mama alisema hivyo, na wala hakuwa anatania. Emery alikwenda. Kituoni watu walikuwa wamelala hata katikati ya reli, na moshi wa kuni, na harufu. Mama Kanyinda alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, mtoto mgongoni. Kando yake alikuwa Mamie, binti yake, ambaye yeye na Emery walikuwa darasa moja na waliwahi kugawana dawati moja. Mamie alipomwona alisimama. Alifurahi. Alidhani amekuja kuwajulia hali.

Emery alisalimia vizuri, maana alilelewa vizuri. Akauliza habari ya usiku. Akauliza habari ya mtoto. Kisha akauliza ufunguo. Mama Kanyinda aliufungua kwenye pindo la kitenge chake, akampa, akamweleza kwamba akifungua auinue mlango kidogo, bawaba ya chini imelegea. Halafu mtu akasema asante. Kwa miaka thelathini Emery amekuwa akijaribu kukumbuka ni nani kati yao aliyesema asante, na anaogopa kwamba ni mama yule. Siku mbili baadaye mji mzima ulijua mtoto wa mgongoni amekufa, na akina Emery siku hiyo walikula bukari, ugali wa kwao, na samaki kwenye veranda yao mpya, ya nyumba ile.

Makofi yakamrudisha Braamfontein. Ilikuwa chai.

Sambusa zilikuwepo, za baridi, zimepangwa kama askari. Alimvuta Héritière mpaka dirishani.

"Héri, ile karatasi usiisome."

"Kwa nini?"

"Mambo ya vibali haya. Watu wa ofisi wanaweza kusikia."

"Papa, wao ndio walioiandika. Wanaijua kuliko mimi."

Hiyo ilikuwa hoja nzuri. Ndiyo hasara ya kumpeleka mtoto shule.

"Soma ya babu na mgodi."

"Babu na mgodi ni nini? Alienda kazini, akarudi, akaenda tena, akafa. Miss alisema hamna kitu pale."

"Babu yako unamwita hamna kitu?"

"Si mimi, ni Miss." Akamtazama, akapunguza sauti. "Papa, ninajua inauma. Inaitwa trauma, tumefundishwa. Mtu hataki kusema, anasingizia vibali, anasingizia hiki na kile. Nkambo naye, ukimwuliza mambo ya zamani, anasema mtandao mbovu. Wewe kaa tu. Mimi nitaibeba."

Akamshika mkono. Hakuwa amemshika mkono tangu akiwa na miaka tisa. Ukumbi ulikuwa na kelele za vikombe, hakuna aliyewaangalia, bibi alikuwa mbali, na nafasi ilikuwa pale, sekunde kumi nzima. Emery akafungua mdomo. Akaingiza sambusa.

Héritière alisoma vizuri. Sauti haikutetemeka. Alianza kwa kumwonyesha baba yake, "yule pale, mwenye suti ya bluu," na watu mia mbili wakamgeukia wakiwa na ule uso ambao watu huwa nao mbele ya jeneza la mtu wasiyemjua. Akasoma kituo cha treni. Akasoma godoro. Akasoma mdogo wake Papa aliyekufa mgongoni mwa mama. Kisha akaufikia ufunguo.

"'Kijana wa jirani alikuja akiwa msafi, amechana nywele,'" akasoma. "'Bibi yangu alimpa ufunguo kwa mkono wake. Baba yangu ni mtu mpole, hajui kuchukia. Kwa hiyo nimeamua nimchukie yule kijana kwa niaba yake.'"

Mtu akashusha pumzi. Mama wa safu ya mbele hatimaye akapata kazi ya kitambaa chake.

"'Lakini hadithi yetu haikuishia hapo. Familia ilirudi, ikarudishiwa nyumba yake, na bibi yangu anaishi humo mpaka leo. Hii inatufundisha kwamba haki huchelewa lakini hufika.'"

Makofi yalikuwa marefu. Daktari Nyaboke aliweka mkono kifuani, akasema huo ndio uponyaji wenyewe, na akauliza kama mgeni wetu angependa kumwambia neno mwanafunzi huyu.

Madame Allegra hakuwa amepiga makofi. Akaomba maikrofoni ya pili.

"Mlirudishiwa nyumba?" akauliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo, Madame."

"Na waliokuwamo? Walitoka?"

Héritière akatazama karatasi yake. "Nadhani walitoka."

"Hongera. Mimi nimengoja karibu miaka themanini kusikia habari ya mtu mmoja aliyetoka." Akainua ile programu, akaisogeza karibu na pua, akasoma jina polepole. Kisha akageukia safu ya nne, na Kiswahili chake, cha Katanga, cha jikoni, kikatoka kama maji ya bomba lililokaa bila kufunguliwa.

"Weye, papa. Chola haiko jina ya bantu ya Kasai. Mupishi yetu alikuwa Chola, muntu ya Katanga, ya Sakania. Weye njo nani mu hii habari?" Yaani, wewe ndiye nani humu?

Mkubwa akikuuliza jambo huwezi kumjibu ukiwa umekaa. Emery akasimama, akafunga kifungo cha koti. Watu wote walikuwa wakitabasamu. Walisikia lugha wasiyoijua, na bibi na mwanamume wanaongea, wakaona ni kitu cha kupendeza.

Angeweza kusema mama yake alikuwa wa Kasai. Angeweza kusema jina lilikosewa kwenye fomu. Majina hukosewa kila siku. Khatibu angempa uongo wa aina nne, wote umekaa sawasawa mabegani. Lakini bibi hakuwa na kalamu, wala hakuwa na karatasi ya kumpa. Aliuliza tu.

"Madame," Emery akasema, kwa Kiswahili cha kwao, "ule kijana wa ufunguo, njo miye."

"Ni weye."

"Ni miye. Hii habari ni ya jirani yetu, Kanyinda. Nyumba ni yao. Mama yangu njo iko ndani."

"Na huyu mutoto anajua?"

"Sasa amejua."

Bibi akaweka maikrofoni mapajani. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti kwa Kiingereza: tafsiri tafadhali, na sisi tufaidi.

Daktari Nyaboke alikuwa amesikia kila neno. Kiswahili cha kwao Kisii au cha Katanga, ufunguo ni ufunguo. Alimtazama Emery, akamtazama msichana, akatazama programu yake, ambayo bado ilikuwa na wasomaji watatu na neno la shukrani. Wanasema wasomi hawana huruma, lakini huyu alikuwa nayo.

"Wanasalimiana," akauambia ukumbi. "Kumbe wamekaa mkoa mmoja. Wanakumbushana nyumbani."

Ukumbi ukapiga makofi tena. Mtu akasema dunia ni ndogo. Mwingine akapiga picha.

Hivyo ndivyo mlango ulivyofunguliwa mbele ya Emery, mpana, bila kuhitaji hata kuuinua. Ilibaki atabasamu, aketi, na Jumatatu arudi Marshalltown kwenye mashine zake. Vibali vingesalimika. Jeannine asingejua. Hisani ya namna hiyo mtu hufanyiwa mara moja maishani, na hufanyiwa na mtu usiyemfahamu.

Héritière alikuwa bado amesimama mbele na karatasi yake. Hakulia. Alimtazama baba yake kama mtu aliyevaa koti miaka yote kisha akakuta jina la mtu mwingine limeshonwa ndani ya kola. Halafu akasema kitu kwa Kiswahili, yeye ambaye hata chumvi huiomba kwa Kiingereza.

"Papa. Nitafsiri?"

Sauti ilikuwa ya chini, ila maikrofoni ilikuwa mkononi mwake, na swali likazunguka ukumbi mzima.

Emery alielewa kwamba akitikisa kichwa, mtoto atanyamaza. Si kunyamaza tu. Ataithibitisha ile ya Nyaboke, atacheka kidogo, atasema ndiyo, wanasalimiana. Alikwisha kuahidi kule dirishani kwamba ataibeba, na ni mtoto wa kutimiza neno. Angemfichia baba yake kama Emery alivyomfichia mama yake. Na akishafanya hivyo mara moja, atakuwa Chola kamili.

"Tafsiri," akasema. "Kama nilivyosema. Usipunguze."

Héritière akatafsiri. Hakupunguza. Alisema, "Baba yangu anasema yule kijana ni yeye. Haya niliyosoma ni ya watu wengine. Nyumba ni yao." Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mwangalifu, akaongeza: "Kwa hiyo ile sehemu ya haki nimekosea."

Mmoja alianza kupiga makofi kwa mazoea, akajiona yuko peke yake, akaacha. Mama wa safu ya mbele alikitazama kitambaa chake kana kwamba kimemdanganya. Daktari Nyaboke alitafuta lile neno lake la uponyaji na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakulipata.

"Kaa chini, papa," Madame Allegra akasema. Ilikuwa amri, aina ya Kiswahili aliyoimudu. Kisha kwa Kiingereza: "Na usinitazame hivyo. Mimi si yule mama wa kwenye godoro. Huwezi kuja kwangu kuchukua msamaha wa mtu mwingine, tayari umekwisha kuchukua vya kutosha." Akaurekebisha mto wake. "Signora wetu alikufa bila kusema. Wewe angalau umepata mkalimani."

Halafu akaomba kikombe cha chai, cha moto safari hii, na msomaji wa pili akaitwa. Maskini, alikuwa na ushuhuda juu ya spaza, kiduka cha mtaani, ya shangazi yake.

Walitoka kabla ya neno la shukrani. Barabarani jua lilikuwa kali na vijana wa chuo walikuwa wakipita na vikombe vyao vya kahawa. Héritière alitangulia hatua mbili. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, akasimama nyekundu ilipowaka ingawa hapakuwa na gari hata moja, na Emery akasimama nyuma yake, kama mtu aliyeletwa na polisi.

"Ofisi wakisikia, watatufukuza?" akauliza bila kugeuka.

"Sijui. Labda watanifukuza mimi. Wewe umezaliwa hapa."

"Eish, Papa."

"Ndiyo."

Taa ikabadilika. Hawakuvuka.

"Mpigie nkambo," akasema.

"Leo Jumamosi. Sisi hupiga Jumapili, baada ya misa."

"Mpigie."

Kwenye kituo cha basi Héritière akampokonya simu, akapiga mwenyewe kwa video. Uso wa nkambo ukatokea kama unavyotokea siku zote: paji la uso, nusu ya kilemba, na dari.

"Jambo, nkambo."

"Jambo, mwanangu. Umekula? Mbona leo unaongea Kiswahili, mama yako amekufa?"

"Mama ni mzima. Nkambo, kwa Kanyinda walikuwa watu ngapi?"

Emery akangoja. Alimjua mama yake. Sasa hivi angesema allo, allo, bado sikusikii, mtandao wa huku ni wa shetani, na picha ingetikisika kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye angeitikisa. Lakini picha haikutikisika. Kule Likasi jogoo akawika, akasikika wazi kabisa mpaka Braamfontein.

"Jina hilo umepewa na nani?"

"Na Papa."

"Yuko hapo?"

"Yuko."

"Anasikia?"

"Ninasikia, mama," Emery akasema.

Kisha nkambo akainua simu, na kwa mara ya kwanza uso wake wote ukaonekana, mzee kuliko walivyodhani.

"Sita," akasema. Alisema upesi, bila kuhesabu. "Na yule wa mgongoni, saba."

Héritière akaigeuza karatasi yake upande usioandikwa, akaiweka juu ya goti, akamwomba baba yake kalamu.

"Majina, nkambo."

Nkambo akaanza na yule wa mgongoni.